Kaboni Hubaki kwa Nani

Aline na Eric,

Mliniomba ukurasa mmoja tu. Siku ile ya kuniaga, baada ya fanta na keki na hotuba ya Eric iliyonifanya nijione marehemu, Aline alinivuta pembeni akaniambia: Maman Consolata, kabla hujaondoka tuandikie namna ya kumchagulia mteja VPN ya kuaminika, maana wanakuja kila siku na sisi tunababaika. Nikasema sawa, ukurasa mmoja. Sasa nimekaa hapa nyumbani Gihundwe wiki ya tatu, sina mteja, sina printa ya kugombana nayo, na ukurasa mmoja umenishinda. Jibu mnalolitaka limo humu, lakini mtalikuta njiani. Mimi mwenyewe nililikuta nikiwa nimeshaaibika.

Eric naye ananitumia ujumbe kila asubuhi kuuliza daftari la wateja liko wapi, lile kubwa la jalada jeusi. Nalo nitalijibu, asiwe na haraka.

Nilianza kazi kwa mashine ya kuandikia, ile ya chuma, nzito kuliko mtoto wa miaka minne. Tulikuwa tumerudi kutoka Bukavu, ng'ambo ya mpaka, mimi na wazazi wangu. Kinyarwanda changu kilikuwa kinachekesha watu sokoni, Kifaransa kilikuwa cha shule, na Kiswahili kilikuwa cha kule kule ng'ambo. Papa Anselme alikuwa na mashine mbili kwenye baraza moja pale Kamembe, na kibao kilichoandikwa kwa mkono: Sekretariati. Alikuwa mtu mwembamba, mguu mmoja ulimsumbua, na hakupenda kusimama bila sababu. Alinichukua kwa kuwa niliweza kuandika bila kuangalia vidole. Hakuniuliza jambo jingine lolote, na mimi nikadhani kazi ni hiyo tu.

Siku yangu ya kwanza alikuja mama mmoja na barua ya kumwandikia baba wa watoto wake. Sitasema ilihusu nini. Nikaweka karatasi, nikaweka kaboni, nikaweka karatasi ya pili, nikaandika vizuri, nikampa zote mbili, akashukuru akaenda. Ile kaboni ilikuwa imepata mkunjo, nikaitupa kwenye kikapu. Papa Anselme akasimama. Akaiokota, akaikunjua, akaiinua juani na kuniambia nisome.

Nikasoma. Barua nzima ilikuwa pale, herufi nyeupe kwenye weusi, kuanzia salamu hadi sahihi. Nyinyi wa kompyuta hamjui kaboni, kwa hiyo niwaeleze. Kaboni iliyotumika mara kumi haisomeki, maneno yamepandana juu ya maneno. Kaboni mpya ndiyo mbaya, inashika kila kitu mara moja na kukitunza.

"Ile mama amekuomba kuandika," Papa Anselme akaniambia. "Hakukuomba kubakia na maneno yake."

Akanipa ile kaboni nimkimbilie. Nilikimbia hadi kwenye magari, nikamkuta ameshapanda, nikampa karatasi nyeusi iliyokunjamana kupitia dirishani. Alinitazama akaona mwendawazimu. Tangu siku hiyo hatukuachana na utaratibu ule: barua ya siri huandikwa kwa kaboni iliyochoka, na ikibidi kutumia mpya, mteja anaondoka nayo, au inachomwa mbele ya macho yake kwenye jiko la Papa Anselme lililokuwa pale pale barazani. Chai yake kwa miaka mingi ilichemka kwa siri za watu wa Kamembe, na niamini, ilikuwa chai nzuri.

Papa Anselme alipofariki nililia kuliko nilivyotarajia. Kisha kompyuta zikaja, tukahamia kile chumba mnachokijua, na mimi nikawa msimamizi kwa sababu wengine wote walihama. Hilo tuliache. Ninachotaka mjue ni siku fundi alipokuja kufunga ruta ya kwanza ya wifi. Alipomaliza akanifungulia ukurasa mmoja akanionyesha kwa majivuno: hapa unaona kila mashine, na kila tovuti inayobisha hodi. Huoni wanachosema ndani, alisema, lakini unaona mlango gani wameuendea.

Nilijiapia sitaufungua ukurasa ule. Niliufungua mara mbili. Mara ya pili nilimkuta mtu ninayekaa naye benchi moja kanisani akitafuta dawa ya upara, na hadi leo nikimwona, macho yangu yanakwenda kichwani kwake yenyewe, na misa yote inaharibika. Sikuufungua tena. Lakini nilijifunza jambo ambalo halipo kwenye kitabu chochote cha mafunzo: kila mtandao una mtu amekaa katikati, na mtu huyo huenda ni mama mmoja wa Gihundwe mwenye udadisi.

Ndipo wateja wakaanza kuuliza VPN. Wa kwanza walikuwa wale wanaolala huku na kufanya kazi Bukavu. Akaunti zao zilikuwa zinafungwa kila wakivuka, kwa kuwa asubuhi wanaonekana nchi moja na jioni nyingine. Kisha wakaja wanafunzi, kisha wauguzi, kisha watu wanaotumia wifi ya mwenye nyumba. Niliwaeleza wote kwa maneno yale yale. Ukiwa na VPN, mwenye wifi anaona umeingia nyumba moja tu. Nyumba hiyo ina mlango wa nyuma, na huko unakotokea yeye haoni. Lakini mwenye nyumba hiyo anaona. VPN haimwondoi mtu wa katikati, inambadilisha tu: badala ya kumwamini mwenye wifi, unamwamini mwenye VPN. Nilikuwa nikisema hivyo vizuri sana, nimesimama, mkono kiunoni. Na bado niliyoyafanya niliyafanya.

Mnajua sisi tunavyopeana programu. Hakuna anayetaka kumaliza mega zake kupakua kitu ambacho jirani anacho tayari. Unaweka simu mbili karibu, unarusha, dakika mbili imekwisha. Na si mega tu. Mtu wa hapa akipewa kitu haulizi kimetengenezwa na nani, anauliza amepewa na nani. Wimbo, mbegu, fundi wa bomba, dawa ya kikohozi, vyote hivyo. Kwenye simu yangu nilikuwa na VPN moja ya bure, nayo nilikuwa nimerushiwa na mtu niliyemheshimu, naye sijui alirushiwa na nani. Ilifanya kazi. Nikawa nairusha. Ikazunguka Kamembe, ikashuka hadi uwandani, nasikia ilifika Bweyeye, ambako hata gari hufika kwa kujifikiria. Watu waliiita VPN ya Maman Consolata. Nami nilifurahi, kwa nini niwafiche.

Ramadhani alikuja mchana mmoja wa juma. Alikuwa mtu wa kiwanda cha simenti huko Bugarama, wa miaka thelathini na kitu, ana vumbi kwenye nyusi ambalo naona maji hayalitoi tena. Alikaa ukingoni mwa kiti akangoja wateja wote waondoke.

"Maman," akasema, "ile kitu ya kuficha njia ya telefone, munaiwekaka hapa?"

Nikamwambia tunaiweka. Sikumuuliza ni ya nini. Lakini mtu akikaa mbele ya meza ya mwandishi husema, sijui kwa nini. Walimwambia Papa Anselme, wakaniambia mimi. Alikuwa na mke, Zawadi, walikuwa wameoana miaka saba na hawakuwa na mtoto. Ukoo wake ulikuwa umeamua kosa ni la Zawadi bila kumuuliza daktari yeyote. Miaka hiyo yote Zawadi alikuwa akinywa majani machungu aliyoletewa na mama mkwe, asubuhi na jioni, na kutapika. Mwezi uliotangulia Ramadhani alikwenda kupima peke yake, kimya kimya, akaambiwa majibu.

"Bantu banasema ni yeye," akaniambia huku akiangalia mikono yake. "Kumbe ni miye."

Alitaka kumwandikia daktari mmoja wa mbali, asome kama kuna tiba, halafu amwambie Zawadi mwenyewe, kwa mdomo wake, akiwa na la kumpa zaidi ya aibu. Muda ulikuwa mfupi: mama yake alikuwa ameita kikao cha ukoo Jumapili ya mwisho wa mwezi, kuzungumzia kumrudisha Zawadi kwao. Na siku za kazi Ramadhani alilala kwenye nyumba ya wafanyakazi, ambako wifi ilifungwa na mwenzao mmoja mwenye mdomo. Huyo wakati wa chakula alikuwa akiwatangazia wote nani ameangalia nini. Ramadhani alisema kama jambo lile likimfikia Zawadi kupitia kicheko cha watu kabla hajamwambia yeye, basi hatakuwa na uso wa kurudi nyumbani.

Nilimhurumia sana. Nikachukua simu yake, nikaiweka karibu na yangu, nikarusha. Aliniuliza swali moja tu, kama mimi binafsi naitumia. Nikamwambia naitumia. Akasema basi, akashukuru, akaondoka akitembea kwa nafuu. Kisha nikafungua lile daftari jeusi na kuandika, kama nilivyomwandikia kila mteja: jina, namba, mahali, nilichomwekea na sababu yake, ili akirudi na tatizo nisianze kumuuliza upya. Nilijivunia daftari lile. Nilidhani ndiyo kazi safi.

Wiki mbili hazikupita. Aline, unakumbuka Maman Verediana, fundi cherehani niliyekuwa nimemrushia ile VPN, alivyoingia ameishika simu kwa ncha za vidole. Kila akiiwasha, kabla hata ya kufungua, tangazo limejaa kioo kizima: dawa ya presha, chai ya presha, pete ya presha. Alikuwa amesoma habari za presha Jumatatu moja tu. Alisema simu imerogwa, na mimi nikacheka, kisha nikaangalia yangu. Yangu ilikuwa na matangazo vilevile, ila nilikuwa nimezoea kuyafuta kila asubuhi bila kuyasoma. Siku ile niliyasoma. Yote yalikuwa ya magoti. Magoti yangu nilikuwa sijamwambia hata mume wangu.

Tulikaa, mimi na wewe, tukafungua masharti ya ile VPN, yale marefu ambayo kila mtu huyakubali bila kusoma. Uliyasoma kwa sauti. Walisema wanaweza kutunza majina ya tovuti unazotembelea. Walisema wanaweza kuwagawia washirika wao. Washirika gani, hawakusema. Jina la mwenye kampuni hatukulipata, anwani hatukuipata, na ile barua pepe ya malalamiko ilirudi. Halafu tukafungua ruhusa: programu ile ilikuwa inasoma majina ya watu kwenye simu, ujumbe, na mahali ulipo. Ukauliza VPN inataka nini na majina ya shangazi zangu. Nilikuwa nimewatoa watu mikononi mwa mwenye wifi mwenye mdomo, nikawaweka mikononi mwa mtu asiye na jina.

Nilifungua daftari na kuanza kupiga simu, mmoja baada ya mwingine: ifute, leo, usingoje. Wengine walinishukuru. Mmoja aliniuliza basi nimrushie nyingine. Simu ya Ramadhani ilikuwa imezimwa. Siku iliyofuata, Alhamisi, ikawa bado imezimwa, na Jumapili ya kikao ilikuwa ile ile inayokuja. Nikalitia daftari kwenye mkoba, kwa kuwa namba zilizobaki zilikuwa humo, nikapanda gari la kwenda Bugarama.

Nilimpata mbele ya lango la kiwanda wakati wa mapumziko, tukaingia kwenye mgahawa wa chai ulio upande wa pili wa barabara. Joto la huko mnalijua. Nilitaka kuanza na salamu ndefu, lakini uso wake ulinizuia. Alikuwa amezima simu kwa siku mbili kwa hofu. Jumanne alikuwa amepewa mapumziko akaenda nyumbani, Zawadi akaichukua simu amwonyeshe jirani picha za harusi yao, na tangazo likatokea, kioo kizima, maneno makubwa: tiba ya uzazi. Zawadi alilifuta. Alimwandalia mumewe chakula, akanyamaza hadi asubuhi, na Ramadhani hakujua kama ameelewa au hakuelewa, na hakuthubutu kuuliza.

Nikamwambia kosa ni langu. Nilimwambia yote, matangazo ya Maman Verediana, masharti, washirika, magoti yangu. Nilimwambia sikuwahi kuuliza programu ile ni ya nani kabla ya kumpa. Alisikiliza hadi mwisho bila kunikatiza.

"Maman," akasema, "miye sikuaminia telefone. Niliaminia weye."

Nimetukanwa na wateja mara nyingi katika kazi hii, na kwa lugha nne, lakini hakuna tusi lililoniuma kama maneno yale, nayo hayakuwa tusi. Nililia pale pale, na chai yangu ikapoa. Nikaifuta programu ile mbele yake. Kisha, sijui kwa nini, labda kwa kutafuta mahali pa kuegemea, nikamsimulia habari ya Papa Anselme na kaboni iliyoinuliwa juani. Halafu akauliza, kwa upole kabisa, ni nani mwingine anayejua habari yake.

Nilifungua mdomo niseme hakuna. Daftari lilikuwa mapajani mwangu.

Nikalifungua nikamwonyesha. Mstari wa mwisho wa ukurasa, mwandiko wangu mzuri wa sekretariati: Ramadhani, Bugarama, simenti. Uzazi, tatizo ni lake. Mke asijue. Daftari lile lilikuwa likilala kwenye droo isiyo na kufuli, na vijana watatu wa zamu walikuwa wanalifungua kila siku kutafuta namba. Nilikuwa natafuta mtu anayetunza maneno ya watu huko ng'ambo ya bahari, na kumbe na mimi nilikuwa nayatunza, kwa wino wa bluu.

Ramadhani alisoma mstari ule mara mbili. Aliomba apewe karatasi ile. Nyuma yake hapakuwa na kitu, kwa hiyo niliomba kisu cha mgahawa, nikakata kipande chenye mstari wake kwa kufuata ukingo wa sinia, nikampa. Alikikunja akakitia mfukoni mwa shati. Akaenda langoni kuomba ruhusa, akarudi, akaniambia anakwenda nyumbani sasa hivi, kabla kichwa hakijaanza kumshauri vingine. Nilimwona akikatisha kwenye kingo za mashamba ya mpunga, bado amevaa buti za kazi.

Jumapili ilipita, sikusikia kitu. Nilikwenda misa, sikuombea kingine. Wiki ya pili, siku chache kabla ya nyinyi kuniaga, akaingia mwanamke mmoja pale kwetu, amejifunga kilemba cha kijani, mrefu, ametulia. Eric, wewe ndiye uliyemkaribisha, ukamwuliza anataka fotokopi. Akasema anamtaka Maman Consolata. Alikaa mbele yangu, akatoa kipande cha karatasi na kukilaza mezani. Nikakijua kabla hajaondoa mkono.

"Hii ni mwandiko yako?" akauliza.

Nikamwambia ni wangu. Alinieleza kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayesimulia safari. Ramadhani aliingia nyumbani mchana ule na vumbi lake lote, akakaa, akajaribu kuanza mara tatu, maneno yakakataa. Mwisho akatoa kile kipande na kukiweka mbele yake. Zawadi akakisoma mwenyewe. Alisema hasira yake ya kwanza haikuwa kwa lile tatizo, ilikuwa kwa maneno mawili ya mwisho. Alimfokea mumewe siku nzima, na siku ya pili wakalia wote wawili. Jumapili kwenye kikao, kabla mama mkwe hajafungua mdomo, Ramadhani alisimama akasema mbele ya wajomba wote kwamba ni yeye. Kikao kikaisha na vyakula havijaguswa.

Nilitaka kumwomba radhi kwa lile tangazo la Jumanne. Nikamwambia najua aliliona, najua lilimwumiza. Akatikisa kichwa.

"Niliiona, ndiyo. Nikajisemea, bwana yangu ananitafutia dawa, bado anatumaini. Ile magaribi nikakunywa tena majani, vikombe mbili."

Aline, Eric, hesabuni nami. Vikombe viwili vya majani machungu, kwa sababu ya programu niliyoirusha kwa dakika mbili.

Alikuja kwa jambo moja. Yule daktari wa mbali alikuwa amejibu, kulikuwa na tiba ya kujaribu, ndefu, isiyo na ahadi. Walitaka kuandikiana naye wote wawili, na Zawadi alitaka VPN kwenye simu yake. Lakini safari hii, alisema, atauliza yeye. Na akauliza, vizuri kuliko mteja yeyote niliyewahi kumhudumia. Kama mnataka ukurasa wenu mmoja, ni huu hapa, umetoka kwa Zawadi, mkulima wa mpunga wa Bugarama.

Aliuliza mwenye VPN ni nani na anakaa wapi. Tukatafuta pamoja hadi tukapata kampuni yenye majina ya watu, anwani, na nchi ambayo sheria zake zinajulikana. Aliuliza anakula nini, kwa kuwa mtu anayekuhudumia bure naye ana watoto wa kulisha. Zile za bure zisizoeleza zinaishi kwa nini tukaziacha. Tulichukua ya kulipia kidogo kila mwezi, nikamwambia zipo chache za bure zinazoaminika, zile ambazo wateja wa kulipia ndio wanaozibeba, na zinasema hivyo waziwazi. Aliuliza anabaki na nini. Nikamwonyesha wanaposema hawatunzi orodha ya ulikopita. Akasema kusema ni rahisi, nani aliyekwenda kuangalia. Ikabidi nimtafutie ripoti ya wakaguzi wa nje, watu wasio wa kampuni, walioingia na kukagua, na tukaangalia kama ni ya karibuni au ya zamani.

Tukaipakua kutoka duka rasmi la simu, kwa mega zake mwenyewe, haikurushwa na mtu. Ilipoomba ruhusa, tulisoma kila moja, na haikutaka majina wala ujumbe. Nikawasha ile sehemu inayokata mtandao wote ikiwa VPN imeanguka njiani, isije ikakuacha uchi bila wewe kujua. Nikamwambia pia yale ambayo haiwezi: ukiingia kwenye akaunti yako, mwenye akaunti bado anakujua ni wewe, na mtu aliyeishika simu yako mkononi anaona kila kitu. Akasema huyo wa pili ni mumewe, nao hawafichani tena.

Halafu akanitazama usoni akauliza swali ambalo sikuwa nimejiandaa nalo, kama mimi mwenyewe naiamini hii. Nilikumbuka jinsi nilivyomjibu mumewe haraka. Nikamwambia ukweli: naiamini kwa haya tuliyoyaona leo, na baada ya miezi kadhaa inabidi tuangalie tena, kwa sababu kampuni huuzwa na watu hubadilika. Alionekana kulipenda jibu hilo kuliko mengine yote.

Kazi ikaisha. Na mkono wangu, mkono wa miaka thelathini, ukavuta lile daftari jeusi wenyewe, ukalifungua, ukashika kalamu. Nilikuwa nimeshaandika herufi ya kwanza ya jina lake. Zawadi akaweka kiganja chake chote juu ya ukurasa.

"Usiniandike, Maman."

Akachukua kile kipande chake cha karatasi, akakirudisha kwenye kilemba, akaniaga vizuri, akaondoka.

Eric, usilitafute tena daftari. Jioni ile nilikwenda nalo nyumbani, nikalichana ukurasa mmoja mmoja, nikachemshia chai.